Simba Hakuja na Jahazi

Dai hili hurudi kila baada ya miezi michache, na kila likirudi hupata wafuasi wapya: kwamba neno simba si letu, tumelipokea kutoka India. Hoja yake ni fupi na inashawishi. Kwa Kisanskriti simba huitwa simha. Jina la asili la Singapore ni Singapura, mji wa simba. Wasinhala wa Sri Lanka wanabeba jina hilohilo, na kila Singasinga anayeitwa Singh ameitwa simba. Waswahili nao wamefanya biashara na watu wa Gujarat kwa karne nyingi, na Gujarat ndiko uliko msitu wa Gir, mahali pekee nje ya Afrika ambako simba wa mwituni wamebaki. Basi mfanyabiashara akashuka jahazini Mombasa, akasema simha, mwenyeji akasikia simba, kwisha habari.

Dai hilo ni kosa, na inafaa lijibiwe kwa uzito kwa sababu wanaolirudia si wajinga. Wameona kufanana kwa kweli na historia ya kweli ya biashara, wakaviunganisha. Walichoruka ni hatua tatu ambazo kila neno linaloshukiwa kuwa la mkopo lazima lipitishwe: linapatikana wapi, sauti zake zimebadilika kwa njia gani, na maana yake ni ipi huko linakopatikana.

Tuanze na ramani. Wagogo wa Dodoma wanasema simba. Wasukuma wanasema shimba. Wayao, kusini mwa Tanzania, Malawi na Msumbiji, wanasema lisimba, wakiwa wamelitia kwenye ngeli yao inayolingana na ngeli yetu ya JI-MA. Mpaka hapo mtetezi wa India ana pa kupumulia, kwa maana anaweza kusema misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo na Kilwa ndiyo iliyoeneza neno la pwani hadi bara. Sasa tusogee mbali zaidi. Wazulu wa Afrika Kusini wana neno insimba, wingi wake izinsimba. Kwenye Kikongo, lugha ya watu wa mdomo wa mto Kongo kwenye bahari ya Atlantiki, kuna nsimba. Na hadi leo mapacha wa Kikongo hupewa majina ya Nsimba kwa wa kwanza na Nzuzi kwa wa pili. Kwenye Kitswana kuna tshipa.

Tshipa? Ndiyo, ni neno lilelile, na hapa ndipo mtu anayetegemea sikio peke yake hupotea. Kitswana kina kawaida ya kugeuza mb kuwa p. Mswahili anasema mbili, Mtswana anasema pedi. Mswahili ana mbuzi, Mtswana ana podi. Mswahili anaumba, na kwa Kitswana kitenzi hicho ni bopa. Kwa hiyo simba akifika huko na kupitishwa kwenye mkondo uleule, anatoka tshipa. Neno lililokopwa juzi halipiti kwenye mkondo huo. Linaingia likiwa zima, kama mgeni aliyefika baada ya nyumba kujengwa. Linaloonyesha makovu ya mabadiliko yote ya lugha ni neno lililokuwamo ndani ya lugha tangu mabadiliko hayo hayajaanza.

Kuna kovu jingine upande wetu. Majina mengi ya wanyama katika Kiswahili yamo kwenye ngeli ambayo zamani ilianza kwa n-. Kiambishi hicho bado tunakisikia kwenye ndovu, ndege, mbuzi na ng'ombe, lakini kilidondoka mbele ya sauti kama s, f, k, p, t na ch. Ndiyo maana tunasema simba, fisi, kuku, paa, tembo na chui bila n yoyote mwanzoni. Msikilize mzee wa Mombasa au Lamu akitamka paa, yule swala mdogo, halafu paa la nyumba. Kwa mnyama ataitoa p kwa pumzi nzito, kwa nyumba ataitoa kavu. Pumzi ile ndiyo masalio ya n iliyokufa. Kwenye simba haisikiki, kwa sababu s haina njia ya kuihifadhi, lakini Wakongo na Wazulu wameitunza n yenyewe: nsimba, insimba. Ili neno la jahazi la Gujarat lifike mdomo wa mto Kongo likiwa na kiambishi ambacho Kiswahili chenyewe kimeshakipoteza, lingehitaji kusafiri kwa njia ambayo hakuna msafara uliopita.

Wanaisimu wa lugha za Kibantu, wakiyalinganisha maumbo haya yote, wamelirudisha neno kwenye shina moja la kale wanaloliandika cimba, lenye maana za paka mwitu, kanu (mnyama mdogo wa usiku mwenye madoa) na simba. Maana hizo nitazirudia, kwa sababu ndizo zenye siri kubwa zaidi.

Kwanza tumalizie sauti. Je, tunajua neno simha lingesikikaje kama kweli lingeingia Kiswahili? Tunajua, kwa sababu liliingia. Reli ya kutoka Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, wengi wa mafundi na vibarua walitoka Punjab, na miongoni mwao walikuwamo Masingasinga. Jina lao la Singh ni mjukuu halali wa simha. Mswahili alipolisikia alilitamka singa, akalirudufu likawa Singasinga, na mitaani likazaliwa Kalasinga. Hakuna b hapo. Lugha za India ya leo zinalitamka neno hilo singh au sinh, na kwenye mazungumzo ya kawaida ya Kihindi simba huitwa sher, neno lenye asili ya Kiajemi. Wamalay waliolikopa neno la Kisanskriti zamani sana wanasema singa. Kote huko linaelekea kwenye ng au n. Anayetaka kutuaminisha kwamba kwetu peke yetu liligeuka mb, ana deni la kueleza b hiyo imetoka wapi.

Tena bahari hiyohiyo ilituletea jina jingine la simba, na historia ya jina hilo inasaidia kuona mambo yanavyokwenda. Waarabu humwita asad. Kiswahili kililipokea kama Asadi, likakaa pale lilipokuwa na kazi: kwenye falaki, kati ya nyota za Saratani na Sumbula, na kwenye tungo za washairi waliotaka kumsifu shujaa kwa neno zito. Halikumng'oa simba porini hata siku moja. Lingewezaje? Watu wa pwani hawakusubiri meli ili wampe jina mnyama aliyekuwa akila mbuzi wao. Mkopo huingia kirahisi pale kitu kinapokuja pamoja na jina lake, kama farasi na tausi, majina mawili tuliyoyapata kwa Waarabu pamoja na wanyama wenyewe. Wakati mwingine mkopo hufukuza neno la zamani hata kama kitu kilikuwapo: samaki ni Kiarabu, wakati samaki wenyewe walikuwa baharini siku zote. Kwa hiyo sisemi kwamba mnyama wa hapa hawezi kuwa na jina la kigeni. Nasema kwamba kwa simba, ushahidi unaelekea upande mwingine.

Sasa maana. Insimba wa Wazulu si simba. Simba kwa Kizulu ni ibhubesi, na kwa lugha ya heshima ni ingonyama. Insimba ni kanu, yule mnyama mwembamba wa usiku mwenye madoa meusi ubavuni na mkia mrefu wenye pete, uzito wake kilo 2 hivi, mwizi wa kuku na mayai. Tshipa wa Watswana ni wa kundi hilohilo. Nsimba wa Wakongo pia ni mnyama mdogo wa madoa, wakati simba kwao ni nkosi, neno ambalo Kilingala nacho kinalo.

Kwa hiyo neno moja limemtaja mnyama wa kilo 2 huko Atlantiki na huko kusini kabisa, na hapa Afrika Mashariki limemtaja dume la kilo 180. Nani alianza kulimiliki? Hapa naegemea upande mmoja bila kusita: kanu alilimiliki kwanza. Neno likiwa na maana ileile kwenye pembe mbili za bara zilizo mbali mno, na maana tofauti kwenye eneo moja lililoshikana, mara nyingi maana ya pembeni ndiyo kongwe na ya eneo moja ndiyo mpya. Zaidi ya hapo kuna jiografia. Lugha za Kibantu zilianza kusambaa miaka kama 4,000 hadi 5,000 iliyopita kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilipitia kwenye au kandokando ya msitu mkubwa wa Kongo. Simba si mnyama wa msitu mzito, anataka mbuga na miti ya kuachana. Kanu yupo msituni, yupo mbugani, yupo hata kwenye dari ya jiko. Watu walikuwa na jina la kanu mdomoni muda mrefu kabla ya jina la simba kuwa jambo la kila siku.

Inakuwaje jina la mdogo apewe mkubwa? Jibu linaloniridhisha ni mwiko wa kutaja. Kwenye nyumba nyingi za pwani usiku hakutajwi nyoka. Husemwa kamba, kwa kuwa ukimtaja umemwita. Palipo na simba anayeua watu, ulimi huwa mwangalifu zaidi ya hapo. Na simba ameua watu kweli, si kwenye ngano peke yake. Tsavo mwaka 1898 alisimamisha ujenzi wa reli. Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 563 waliouawa na simba kuanzia mwaka 1990, wengi wao kusini mashariki, huko Lindi, Mtwara na Rufiji, mkulima akiwa anawinga nguruwe shambani usiku. Mtu anayelala kwenye dungu la shamba namna hiyo akiamua kumwita yule mnyama kwa jina la kijanyama cha kuiba kuku, namwelewa kabisa.

Mwiko huo unaeleza pia jambo ambalo bila yake lingekuwa fumbo: kwa nini majirani wanaotaja moto, maji, jicho na mbuzi kwa maneno ya ukoo mmoja wanapishana vibaya sana kwenye simba. Waganda wana mpologoma. Wahaya wana entale, Wanyarwanda intare, na wafalme wa Ankole na Burundi walijiita Ntare kwa jina hilohilo. Warundi wana pia intambwe. Wachewa wana mkango, Washona shumba, Watswana tau. Jina likizoeleka sana linaanza kuogopwa, watu wanaliweka kando na kushika jingine, na jingine nalo likizoeleka linaogopwa. Mnyama asiyetisha habadilishiwi jina hivyo. Mbuzi amebaki mbuzi.

Kuna msemo wa mitaani kwamba ukimwona simba kanyeshewa usimdhanie paka. Kwa historia ya neno hili, wahenga wetu walifanya hivyo makusudi.

Onyo kabla ya kuendelea. Ukishajua kwamba neno limeenea namna hii, kuna kishawishi cha kuona simba kila mahali. Kishona kina neno simba, lakini maana yake ni nguvu au uwezo, na jina la watu la Simbarashe ni uwezo wa Mungu, halina manyoya wala kucha. Kwa Kiganda kusimba ni kupanda mmea au kusimamisha kitu. Hata Kiswahili cha leo kina kitenzi simba, maana yake kuweka ujumbe kwenye msimbo, na kinyume chake ni simbua. Kamusi inaviingiza kwa haki kama maneno mawili tofauti. Majina ya mahali nayo yanadanganya. Simba Uranga ni mojawapo ya midomo ya delta ya Rufiji, palepale ambapo manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha hadi ikaangamizwa Julai 1915, na mto Msimbazi unakatisha Dar es Salaam. Kuona herufi s-i-m-b-a ndani ya jina hakutoshi kusema mnyama aliwahi kulala hapo.

Ndani ya Kiswahili chenyewe yapo majina yanayoonyesha jinsi neno lilivyozoea kukaa kwa zaidi ya mnyama mmoja. Simbamangu ni yule paka mwitu wa rangi ya udongo mwenye vishungi vyeusi masikioni, mwenye kilo 10 hadi 18 hivi, mrukaji hodari anayedaka ndege wangali hewani. Siwezi kumtumia kama ushahidi wa maana ya zamani, kwa kuwa rangi yake peke yake inatosha kumpatia jina la simba. Simbamarara amepewa mnyama wa Asia mwenye milia. Marara ni madoa au mabaka. Wengine humwita chui milia, na hapa watafsiri wa vitabu vya watoto wanaharibu: utakuta ukurasa mmoja anaitwa simbamarara, wa pili chui, wa tatu duma. Hao ni wanyama watatu. Chui ana mabaka yaliyokusanyika kama maua, duma ana madoa ya duara yaliyo peke yake na mistari miwili myeusi inayoshuka kutoka machoni hadi mdomoni. Mondo, paka mwitu mwingine wa madoa, ana miguu mirefu, masikio makubwa na mkia mfupi. Kanu ana miguu mifupi na mkia unaokaribia urefu wa mwili. Mtafsiri asiyewajua hawa aweke picha mbele yake kabla hajaandika.

Sarufi ya neno lenyewe ina mtego mmoja. Kwa umbo, simba yumo kwenye ngeli ya I-ZI, na umoja na wingi havitofautiani. Lakini kwa kuwa ana uhai, viambishi vyote hufuata A-WA: simba huyu amelala, simba hawa wamelala, simba wangu, simba wawili. "Simba hii" na "simba mbili" utazisikia Nairobi na Lubumbashi, na hapo wanaelewana vizuri, ila kwenye maandishi sanifu zinahesabiwa makosa. Sasa soma ukurasa wa michezo wa gazeti lolote la Dar es Salaam: "Simba yatinga nusu fainali", "Simba imelazimishwa sare". Mhariri hajakosea. Simba yenye S kubwa ni klabu, iliyoanzishwa mwaka 1936 na kuchukua jina hili mwaka 1971 baada ya kuitwa Sunderland, na klabu huenda na I-ZI. Ukiandika "Simba amefungwa" umeandika habari za mnyama kwenye kizimba. "Simba wamefungwa" hupita pale unapowakusudia wachezaji. Tofauti hiyo ndogo ya i na a inabeba kazi ambayo lugha nyingine zinahitaji sentensi nzima kuieleza, na inasikitisha kuona baadhi ya watangazaji wakiichanganya ndani ya dakika moja.

Jina likivishwa binadamu hubadilika tena. Wapiganaji wa uasi wa Kongo wa mwaka 1964 waliitwa Wasimba, kwa wa- ya watu, kwa kuwa hapo jina limekuwa la kundi. Rashidi Kawawa aliitwa Simba wa Vita, bila wa- yoyote, kwa kuwa hiyo ni sifa anayovikwa mtu mmoja. Methali inayosema simba mwenda pole ndiye mla nyama inamtaka mnyama mwenyewe, na inasema kweli juu yake: simba hunyemelea mpaka awe karibu sana, kwa sababu mbio zake ni za muda mfupi na swala akishamtangulia hampati.

Wanaoandaa kamusi wangeweza kutusaidia kwa mistari michache tu. Kwenye neno farasi huandika kwamba limetoka Kiarabu. Kwenye neno simba nafasi hiyo huachwa wazi, na nafasi iliyo wazi ndiyo anayoijaza kila mwenye nadharia. Pangeandikwa kwamba ni la Kibantu, lina ndugu zake insimba, nsimba na tshipa, na maana ya zamani ni paka mwitu au kanu. Kisha kwenye neno kanu msomaji aelekezwe kulinganisha na simba.

Huko KwaZulu-Natal, mwanamume akivaa kwa sherehe hufunga kiunoni vazi la mikia ya ngozi inayoning'inia, na kati ya ngozi zinazothaminiwa kwa vazi hilo ni ya insimba. Ukiisogelea utaona pete nyeusi na za kijivu zikipishana hadi nchani, na manyoya laini mafupi. Mwenye vazi akikutajia jina la mnyama, utalisikia bila mkalimani.